Ganda Lililokwama kwenye Roketi ya Mwalimu

Benchi la kona ile lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kitasa bado kimo, na mgeni aliyekaa vibaya alikijua kitasa hicho kabla hajajua majina ya watu. Nyuma ya benchi palikuwa na kibanda cha fundi saa, chembamba kama kabati la nguo, na ndani yake saa za ukutani ishirini na kitu, kila moja na wakati wake. Kushoto, duka la soda na friza lake linalonguruma. Kulia, Bi Buni na jiko la mkaa, birika jeusi na vikombe visivyo na masikio. Fundi saa alikuwa anaitwa Sekunde, kwa sababu ukimpelekea kazi alikujibu "sekunde moja tu", ukakaa hapo mpaka adhuhuri. Wateja wa kudumu wa benchi walikuwa Injinia, ambaye ni fundi bomba na injini hajawahi kuigusa, na Dokta, aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita akastaafu na ushauri wa kila ugonjwa. Na alikuwepo Mwalimu, kaka yake Sekunde, wa tumbo moja, aliyefundisha fizikia katika sekondari iliyo nyuma ya mtaa. Alizikwa wiki tatu kabla ya asubuhi hii. Nafasi yake ya upande wa kitasa ilikuwa bado wazi, na Injinia, ambaye kwa unene wake alistahili kusogea, alikuwa amebanana na Dokta bila kulalamika.

Alhamisi hiyo alikuja mke wa marehemu, amebeba kitu kirefu ndani ya foronya, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

— Shemeji, habari za asubuhi.

— Nzuri, shemeji. Karibu ukae.

— Sikai. Nimekuletea hii.

Akaivua foronya. Ilikuwa roketi, ile ya wanafunzi, urefu wa mkono wa mtu mzima: bomba la karatasi ngumu lililopakwa rangi ya bluu, mabawa manne ya ubao mwembamba chini, na kofia ya plastiki iliyochongoka juu. Sekunde aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

— Jumamosi wanafunzi wake wanataka kuirusha, kwa ajili yake, alisema shemeji. Lakini injini ya zamani imekwama ndani, haitoki. Mwalimu mpya kaivuta na plaizi mpaka kaumega ukingo wa injini hiyo, nikamnyang'anya.

— Shemeji, mimi ni mtu wa saa.

— Najua. Ndiyo hii aliyoirusha mara ya mwisho. Siku tisa baadaye akaanguka bafuni. Sasa wewe unataka nimpelekee nani? Yeye mwenyewe alikuwa akisema, mdogo wangu ana mikono. Saa ya sebuleni ikisimama hataki mtu aiguse. Wiki nzima tunakaa bila saa, anasema ngojeni mdogo wangu apate nafasi.

Sekunde hakujua aangalie wapi. Katika miaka yote ya udugu wao hakuwahi kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwa kaka yake.

— Usiipasue, alisema shemeji akiikunja foronya mara nne. Ikishindikana, nirudishie hivyo hivyo.

Akaondoka. Hakugusa kahawa aliyomiminiwa.

Kisha Injinia, aliyekuwa amejizuia kwa heshima ya mjane, akashindwa kujizuia zaidi.

— Hebu lete nione hilo bomba.

— Usiiguse, alisema Sekunde.

— Bwana, mimi nimekula chumvi kwenye mabomba. Kitu kilichokwama nakijua kwa kukinusa tu. Kimekwamaje?

Sekunde akawaeleza alivyoelewa. Injini ya roketi hii si injini ya vyuma. Ni kikopo cha karatasi nene, ukubwa wa kidole gumba, kilichoshindiliwa baruti. Kinachomekwa kwa nyuma, kinawashwa, kinaungua, roketi inapaa. Baruti ikiisha linabaki ganda tupu, linatolewa, inaingia injini nyingine. Ganda hili lilikuwa limegoma, na halikuacha nafasi ya nyingine kuingia.

— Moto, alisema Injinia papo hapo. Unapasha nje taratibu, bomba linatanuka, ganda linaponyoka lenyewe. Nina mtungi wa gesi nyumbani.

— Ni karatasi, Injinia.

— Basi moto mdogo.

— Moto mdogo unaunguza karatasi vilevile! alidakia Bi Buni. Wewe utatuchomea kumbukumbu ya mtu. Tia mafuta, Sekunde. Mafuta ya kupikia, matone mawili, kama pete iliyobana kidoleni.

— Karatasi ikinywa mafuta inalegea, Bi Buni. Itageuka kama mkate kwenye chai.

Dokta alikuwa amekunja nne, anapuliza kikombe chake.

— Nyinyi wote mnatibu bila kupima, alisema. Swali la kwanza: mgonjwa amekufa au yu hai? Kama mle ndani imebaki baruti hata ya kijiko, huyu akigonga mara moja tu, tunakwenda sote. Na benchi. Na friza la jirani.

Injinia alisogea. Mara ya kwanza katika wiki tatu alisogea, lakini alipoona anakaribia ile nafasi ya upande wa kitasa, akarudi.

— Acha kutisha watu, alisema. Sikiliza, nimepata. Pampu ya baiskeli! Unaondoa hiyo kofia, unaziba juu, unapiga upepo. Ganda linatoka kama kizibo.

— Linatoka na kwenda wapi? aliuliza Bi Buni. Kwenye birika langu?

— Au skrubu ndefu. Unaikaza kwenye ganda, unafunga waya, waya unaufunga kwenye pikipiki…

— Pikipiki! Jamani!

— Inakwenda polepole!

— Gari la wagonjwa lingefaa zaidi, alisema Dokta kwa sauti ya mtu mzito. Lina mvuto wa taratibu. Lakini mimi ningetumia baridi. Kiungo kikivimba huwekewa barafu, hakipashwi moto. Na hicho kimevimba.

— Baridi! Injinia akacheka. Na baada ya baridi utampa vidonge? Mimi nawaambia, hapa dawa ni kuwasha injini ya pili nyuma ya hii. Inasukuma, la kwanza linapita juu, linatokea kwenye kofia, mchezo kwisha.

— Na roketi?

— Roketi… inabaki na tundu. Unaziba.

Hapo Sekunde alicheka, na kicheko kilimshtua mwenyewe, maana hakikuwa kimemtoka tangu msibani. Wakacheka wote, wakapiga mapaja. Kisha Bi Buni, akikoroga makaa bila kumtazama mtu, akasema kwa sauti ndogo:

— Labda mwenyewe bado kaishikilia.

Dokta alitazama viatu vyake.

Sekunde aliingia kibandani, akaiweka roketi juu ya meza yake, kwenye kitambaa cheupe cha kufanyia kazi. Alitoa kofia, akauvuta mwavuli mdogo wa nailoni uliokunjwa ndani, wenye masizi pembeni, akauweka kando. Akavaa lenzi yake ya jicho, akaelekeza tochi ndani ya bomba kwa juu. Weusi, majivu, pete ya karatasi inayozuia ganda lisipande, na katikati ya weusi ule, kitone cha mwanga. Akaizima tochi. Kitone kikabaki. Ilikuwa asubuhi ya mtaani, inaingia kwa tundu la chini la ganda na kutokea juu.

— Imeungua yote, alitangaza kupitia dirisha la kibanda. Inaonekana upande wa pili.

— Nilisema mimi, alisema Injinia, ambaye hakuwa amesema.

Sekunde aliligusa ganda kwa ncha ya kidole. Halikutikisika. Ukingoni ulionekana utepe wa karatasi wenye gundi, ule ambao mafundi rangi hubandika pembeni mwa kuta. Kaka yake alikuwa ameuzungushia kwenye injini ili isichomoke angani. Joto likaiyeyusha gundi, gundi ikapoa na kushika. Tatizo lilikuwa gundi. Na gundi ile Sekunde aliifahamu: moto huifanya ute, baridi kali huifanya kavu, ikapasuka.

Alitoka nje.

— Dokta.

— Naam.

— Ni baridi.

Dokta aliinuka kwenye benchi, akakaa tena, akamtazama Injinia kwa muda mrefu sana. Injinia akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Wakaifunga sehemu ya chini ya roketi kwa mifuko miwili ya nailoni ili unyevu usiingie, na mwenye duka la soda akasogeza chupa zake ndani ya friza bila kuuliza, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemfundishia binti zake wote wawili. Wakaambiana saa moja. Zile saa ishirini na kitu hazikukubaliana saa moja inaanzia wapi, kwa hiyo wakatumia simu ya Bi Buni.

Katika saa hiyo Sekunde hakufanya kazi. Alikaa mlangoni mwa kibanda, mikono juu ya magoti.

Baba yao alipofariki, Sekunde alikuwa na miaka kumi na minne na kaka yake kumi na saba. Ukafanyika uamuzi, na hakumbuki nani alikaa kikao: mkubwa amalizie shule, mdogo apelekwe kwa fundi saa. Hakuna aliyemuuliza. Mkubwa akawa Mwalimu, akasoma mambo ya anga na mvuto wa dunia. Mdogo akainama juu ya magurudumu madogo kwa miaka thelathini na nane. Hawakugombana hata siku moja. Walikaa benchi moja, wakanywa kahawa ya birika moja. Lakini kila mwaka, msimu wa mvua ukiisha, Mwalimu alisema: "Jumamosi tunarusha, saa nne, uwanja wa shule. Njoo." Na kila mwaka Sekunde alijibu kwamba Jumamosi ana kazi. Mwaka jana aliongeza neno. Alisema, "Kaka, mimi sikusomeshwa vitu vya kuruka." Mwalimu akatabasamu, akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Mwaka huu alialika tena, kama vile lile neno halikusemwa.

Saa ikatimia. Injinia aliinuka wa kwanza.

Sekunde alikitandika kitambaa cheupe pale pale benchini, mbele ya watu, maana kibandani wasingeenea na kungoja nje wasingevumilia. Alizungushia ukingo wa ganda kipande cha ngozi laini, akalishika kwa plaizi ndogo kabisa, ile ya kushikia sindano za saa. Hakuvuta. Alizungusha upana wa unywele kulia, upana wa unywele kushoto, kama anavyofungua mgongo wa saa ya zamani ambayo mwenyewe analia akiitazama.

— Vuta sasa, alinong'ona Injinia.

— Nyamaza, alisema Bi Buni.

Kulia. Kushoto. Kitu kikalia ndani, tiki, kidogo sana. Sekunde alisimama, akapumua. Akachukua kijiti cha mbao kilichonyooka, akakiingiza kwa juu kupitia ile pete mpaka kikagusa kichwa cha ganda. Akaisimamisha roketi juu ya kiganja cha Dokta, akagonga kijiti kwa mpini wa bisibisi. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu ganda likateleza, likaangukia kiganjani mwa Dokta, jeusi, dogo, linanuka kiberiti.

Wakashangilia kama timu imefunga. Injinia alimkumbatia mwenye duka la soda. Dokta alikiinua kiganja chake juu, anawaonyesha hata wapita njia. Bi Buni alimimina kahawa kwenye kila kikombe alichokiona. Bomba la bluu lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo, na Sekunde alipitisha kidole ndani yake akahisi ni laini, tayari kwa injini nyingine.

Kisha akaliomba ganda, akavaa lenzi, akaanza kuubandua utepe. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa mazoea tu. Fundi hutaka kujua kilichomshinda kilikuwa nini.

Kaka yake alikuwa mtu nadhifu. Daftari zake zilipigiwa mistari kwa rula hata kwenye kurasa za mwisho. Utepe wa injini ulitosha mzunguko mmoja, labda mmoja na nusu. Huu ulizungushwa mara saba. Haukwenda sambamba, ulipanda, ukashuka, ukajikunja, mahali pengine umebanduliwa na kubandikwa upya, na upande mmoja ulikuwa na alama za meno, pale mtu alipokuwa akiukata kwa mdomo. Sekunde aliugeuza na kuugeuza. Alikuwa ametengeneza saa za wazee wengi, anazijua alama za mkono unaotetemeka. Huu ulibandikwa na mtu ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa ukishika.

— Vipi? aliuliza Dokta.

Sekunde alimpa lenzi na ganda. Dokta alitazama, akatazama tena.

— Siku ya kurusha, alisema. Ilikuwa siku tisa kabla.

— Ndiyo.

— Kiharusi kilikuwa kimeshaanza. Upande wa kushoto. Sekunde, ugonjwa ulikuwa umeshaanza, naye alikuwa anatembea nao.

Bi Buni aliweka birika chini.

— Kikombe, alisema. Zile siku za mwisho alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili. Nikamtania. Nikamwambia, Mwalimu, unakumbatia kikombe, kwani mkeo kakununia? Mlicheka. Wote mlicheka.

— Naye alicheka, alisema Injinia.

— Naye alicheka.

— Miaka ishirini na sita, alisema Dokta, nimebeba watu wa namna hiyo. Ningemwangalia mdomo tu ningejua. Alikaa hapa. Bega lake linagusa bega langu.

Alirudisha ganda juu ya kitambaa kama linaweza kuvunjika. Friza la jirani likanguruma, likazima.

Kumbe muda wote huo palikuwa na mwanamke amesimama pembeni ya kibanda, mgeni, saa ya ukutani ameikumbatia kifuani. Alikuwa amefika wakati wa shangwe, akaona aibu kuwakatisha. Hakuyaelewa ya mikono na vikombe. Alichoona ni watu wazima na roketi ya bluu, na akaipenda.

— Samahani, baba, alimwambia Sekunde. Nzuri jamani. Hiyo ikirushwa huwa inafika wapi?

Injinia alimtazama Dokta. Dokta alimtazama Bi Buni. Bi Buni akatazama mkaa. Kwa miaka tisa roketi za Mwalimu zilikuwa zikiruka nyuma ya mtaa, mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa kutoka benchi lile, na kila mmoja wao alikuwa amealikwa miaka yote tisa. Dokta alikuwa na goti linalomsumbua. Injinia alikuwa na bomba la mtu. Bi Buni asingeweza kuacha jiko. Walikuwa na maneno juu ya kila kitu kilichokwama duniani. Hili hawakuwa nalo.

Mwanamke alisubiri. Akaona amekosea, asijue wapi.

— Sijui, dada, alisema Sekunde hatimaye. Ilikuwa ya kaka yangu. Sikuwahi kwenda.

Akaipokea saa yake, akaandika karatasi ya kumbukumbu, akamwambia aje Jumatatu. Halafu akafuta.

— Njoo Jumanne, alisema. Jumamosi sipo.

Alasiri aliirudisha roketi kwa shemeji, ndani ya foronya yake. Ganda alimpa pia, kwenye kibakuli kidogo cha bati. Utepe hakumpa. Wala hakumwambia alichokisoma humo. Alimwambia tu kwamba gundi ilishika. Shemeji alimtazama usoni kwa muda, akasema asante, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Jumamosi kibanda kilifungwa, na jiko la Bi Buni halikuwashwa. Walisimama wote wanne kwenye ukingo wa uwanja wa shule, wamevaa nguo za msibani, mbele yao wanafunzi sitini wakihesabu kwa sauti kutoka kumi kurudi nyuma. Pale kwenye moja palitoka mlio, kama kitambaa kinachochanwa kwa hasira, na moshi mweupe. Wanafunzi wakainua vichwa pamoja. Injinia akapiga ukelele kwamba ni mita mia tatu, Dokta akasema si chini ya mia tano, wakaanza kubishana huku machozi yanawatoka.

Sekunde alitazama mahali roketi ilipokuwa, kisha akatazama juu. Macho yake yalikuwa yamefanya kazi miaka thelathini na nane kwa umbali wa shubiri moja. Mbingu ilikuwa nyeupe yote. Aligeuza kichwa huku na huku, kiganja juu ya paji la uso, anatafuta.

— Ile pale, alisema shemeji, aliyekuja kusimama kando yake, akimshika kidevu na kumgeuza taratibu. Ile. Umeiona?

— Nimeiona, alisema.

Aliendelea kuangalia kule alikogeuzwa, macho yakimwuma kwa mwanga, mpaka wanafunzi walipoanza kukimbilia uzio wa mbali, ndipo akajua imeshatua.